Kisa cha probu ya pH iliyokalibretiwa ikiwa kavu

Hiki kisa ni cha mwezi wa nane, huku Dubai ninakofanya kazi ya kuhudumia akwariamu za majumbani. Nakiandika chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu watu wa nyumbani, Tanga, Dar, Mombasa, sasa hivi wameanza kufuga samaki wa maji chumvi na kuagiza mtandaoni probu za pH, vile vijiti vya kupimia asidi ya maji (pH ikishuka asidi imezidi), na swali ninalotumiwa karibu kila wiki ni moja tu, "kaka pH yangu imeshuka, niweke nini?", na kila nikilisoma roho inaniuma, maana tangi la kwenye hiki kisa lilianza kuharibika pale sisi wenyewe tulipokimbilia kwenye "niweke nini" bila kuuliza kama kipimo kinasema ukweli.

Tangi lenyewe ni la lita 450 juu, na sampu, yaani tangi la pili la kuchujia maji, chini kwenye kabati, ya kama lita 90 hivi. Ndani kuna matumbawe laini mengi na magumu machache, kangaja wa njano mmoja, jozi ya wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe wanaolala kwenye anemoni, konokono na kaa wadogo wa kusafisha. Liko kwenye majlisi, ile sebule ya wageni, madirisha hayafunguliwi na AC inawaka masaa 24 kwa sababu nje joto linapita nyuzi 40. Hiyo AC ikumbuke, nitairudia.

Mimi nilikuwa likizo Tanga wiki tatu, tangi nikamwachia mwenzangu, kijana mchapakazi kweli na hadi leo namwamini. Siku niliyorudi, saa mbili asubuhi bosi mwenye nyumba akanipigia, sauti imejaa wasiwasi, simu yake imekuwa ikipokea alama ya hatari kutoka kwenye kontrola, ile mashine inayosoma probu masaa yote, kila alfajiri kwamba pH iko chini, mara 7.45, mara 7.5, na sasa pamoja na dawa zote zilizowekwa inagoma kukaa juu, na matumbawe yamejifunga. Nikamwambia nakuja, naomba mtu yeyote asiweke kitu mpaka nifike.

Nilipofika saa tano asubuhi kitu cha kwanza nilichosikia ni pampu ya kurudisha maji juu, inakoroma. Nikaichomoa, nikafungua, kile kipande cha ndani kinachozunguka kimefunikwa na gamba jeupe gumu kama lile la kwenye birika la chai la maji ya kisima. Hita ya kwenye sampu hivyo hivyo, nyeupe yote. Chini ya sampu kuna unga mweupe umetulia kama vumbi la chaki. Yaani kabla sijagusa kipimo chochote hayo maji yalishaniambia kitu, kwa sababu gamba la namna ile ni kalsiamu kabonati, na kalsiamu kabonati huganda na kudondoka pH ikiwa juu mno, hasa kwenye vitu vya moto kama hita na pampu. Maji yenye pH ya 7.5 hayafanyi hivyo. Kontrola ikawa inaonyesha 7.94 na sampu inaonyesha chaki, na hivyo viwili haviendi pamoja.

Nikapima vingine kwa vile vichupa vya matone. Alkalini, yaani akiba ya maji inayozuia pH isiyumbe, 7.1 kwa kipimo cha dKH, wakati kabla ya likizo niliiacha 9.2. Kalsiamu miligramu 385 kwa lita, niliiacha 430. Magnesiamu 1190 tu, na maji ya bahari ya kawaida yana kama 1280 hadi 1300 hivi. Chumvi iko sawa, 35. Nikafungua daftari la tangi, maana kila tangi letu lina daftari, nikakuta mwenzangu ameandika vizuri kabisa: maji ya chokaa yamepandishwa kutoka lita moja na nusu kwa usiku mpaka lita nne, kwa sababu pH iko chini.

Kwa asiyejua, maji ya chokaa ni kalsiamu haidroksaidi iliyokorogwa kwenye maji safi mpaka ikashiba, pH yake inafika kama 12.4, inadondoshwa taratibu usiku kujaza maji yanayopotea kwa mvuke na hapo hapo inarudisha kalsiamu na alkalini zinazoliwa na matumbawe. Ni kitu kizuri sana kikitumika kwa kipimo. Ukikizidisha pH inapanda, na ikipita 8.5 au pale kinapodondokea kukiwa na mzunguko mdogo wa maji, kalsiamu na alkalini zinakamatana na kuwa chaki. Hapo ndo unaona kitu cha kutisha, unaongeza zaidi na alkalini inazidi kushuka, kwa sababu unachoongeza kinageuka mawe kwenye pampu. Na magnesiamu ikiwa chini mambo yanakuwa mabaya zaidi maana kazi yake moja ni kuzuia hiyo kalsiamu isigande ovyo.

Sasa swali likawa, kwa nini kontrola inasema 7.94?

Hapa nieleze kidogo probu inavyofanya kazi, kwa sababu bila hii mtu atakariri hatua tu bila kuelewa. Probu ya pH haipimi asidi moja kwa moja, inapima umeme mdogo sana. Ile ncha yake ni kitufe cha kioo chembamba, na kile kioo kikilowa vizuri kinajenga tabaka laini la maji juu yake, tabaka hilo ndilo linaloongea na maji ya nje. Ndani kuna waya wa fedha na maji ya potasiamu kloraidi, na pembeni kuna kitobo kidogo chenye vinyweleo, ndiyo njia ya upande wa pili wa saketi. Probu ikiwa nzuri, kwenye pH 7 inatoa karibu milivolti 0, na kila ukipanda hatua moja ya pH inashuka milivolti 59.16 kwa nyuzi 25. Hiyo namba haitoki kiwandani, inatoka kwenye fizikia, probu ya dola 20 na ya dola 200 zote ziko chini ya sheria hiyo hiyo. Yule mkemia Arnold Beckman alipotengeneza mita yake ya pH kule California mwaka 1934, kwa ajili ya kupima ukali wa maji ya limau, kazi kubwa ilikuwa ni hiyo hiyo, kusoma umeme mdogo unaopita kwenye kioo kinachogoma kupitisha umeme. Kwa hiyo kukalibreti ni kuiambia mita, "milivolti hizi ndo 7, na hizi ndo 10", basi. Ukiiambia uongo itakariri uongo na kukurudishia kila dakika, kwa desimali mbili.

Jambo la kwanza nilichota glasi ya maji ya tangi, nikaiweka mezani mbali, nikatumbukiza probu humo. Hii ni kwa sababu pampu au hita yenye ufa inaweza kuvujisha umeme kidogo ndani ya maji na probu ikausoma kama pH. Kwenye tangi ilisema 7.94, kwenye glasi 7.93. Kwa hiyo umeme wa kuvuja haumo, hilo likatoka. Nikachomoa ile plagi ya duara ya probu kwenye kontrola, nikaangalia kama chumvi imetambaa mpaka huko, maana unyevu kidogo tu kwenye plagi unatosha kuharibu umeme mdogo namna ile. Ilikuwa kavu na safi.

Halafu nikafungua bafa mpya, yale maji ya kukalibretia ambayo pH yake inajulikana kabisa. Nasisitiza mpya, pakiti ambazo hazijawahi kufunguliwa, sikugusa zile chupa kubwa za kwenye begi la kazi. Bafa ya 10 ndiyo dhaifu kuliko zote, chupa ikifunguliwa inavuta hewa ukaa na pH yake inashuka taratibu, na mtu akirudisha ndani ya chupa kile alichotumia basi ameshaiharibu yote. Nikaziacha zikae sebuleni karibu saa nzima zipoe, maana zilitoka kwenye gari. Kwenye bafa ya 7.00 kontrola ikasoma 6.71. Nikaisuuza probu, nikaweka kwenye 10.01, ikasoma 9.38.

Nilikaa chini pale kwenye zulia nikachukua kalamu. Kati ya bafa hizo mbili kuna hatua 3.01, kontrola iliona 2.67 tu, yaani asilimia 89 hivi. Na mwanzo wake umeshuka kwa 0.29. Kwa hiyo ukitaka pH ya kweli unachukua namba ya kontrola, unatoa 6.71, unagawa kwa 0.887, unajumlisha 7. Ile 7.94 ya saa tano ikawa 8.39. Ya jana yake saa kumi jioni, 8.05, ikawa 8.51. Na ile 7.45 ya alfajiri iliyoanzisha wasiwasi wote, nikaipiga mara mbili kwa sababu sikuamini, ikatoka 7.83.

7.83 alfajiri! Hiyo ni pH ya kawaida kabisa kwa tangi la ndani. Usiku taa zikiwa zimezimwa mwani na matumbawe hayatumii hewa ukaa, kila kiumbe kinaitoa, pH inashuka, mchana inapanda, tofauti ya 0.2 mpaka 0.3 ni ya kila siku. Nikarudi kwenye grafu za kontrola, kabla sijaondoka likizo ilikuwa inacheza kati ya 7.85 alfajiri na 8.15 jioni. Wiki ile ya alama za hatari ilicheza kati ya 7.45 na 7.70, ukizirekebisha zinakuwa 7.83 na 8.12. Ni maji yale yale, hayakuwa yamebadilika chochote. Kilichobadilika ni kipimo, na dawa ikaanza kumwagwa kwa ajili ya kipimo. Na mtu asidhani 0.3 ni kitu kidogo, pH inahesabiwa kwa namna ambayo 0.3 ni kama mara mbili ya asidi.

Ila kati ya grafu nzuri na grafu ya wasiwasi kulikuwa na siku sita za mistari ya ajabu, inaruka 4, inaruka 9, inatulia 6 masaa mengi. Nikaingia kwenye menyu ya kalibresheni ya kontrola, mahali ambapo watu wengi hawafungui kabisa, nikakuta mteremko uliohifadhiwa ni milivolti 64.0 kwa hatua. Ukigawa kwa 59.16 unapata asilimia 108.

Hapa ndo penye ushahidi, naomba mpaelewe vizuri. Probu ikizeeka mteremko wake unapungua, 57, 55, 52, ikifika chini ya 53 hivi, yaani asilimia 90, mimi naitupa. Lakini probu haiwezi kutoa 64 kwenye nyuzi 25, sheria ya fizikia haitaki. Ukiona asilimia 101 au 102 ni sawa, vipimo vina kutetereka kwake. Ukiona 108, haimaanishi probu yako ni nzuri kupita kiasi, inamaanisha wakati wa kukalibreti kuna kitu kilikuwa hakijatulia, na mita ikakubali tu kwa sababu watengenezaji wameipa mipaka mipana.

Kwanza nikashuku joto la gari, kwamba mwenzangu alitumia bafa zilizochemka kwenye buti. Nikapiga hesabu na haikufikia. Bafa ya 10.01 ikifika nyuzi 30 inakuwa 9.97, ya 7.00 inakuwa 6.99, na hata ukienda juu zaidi, mteremko wa umeme nao unaongezeka kwa joto na makosa mengine yanafutana, kosa lililobaki halikufika hata 0.05. Sisi tulikuwa tunatafuta kosa la 0.3 na zaidi.

Jibu lilitoka jikoni. Kwenye nyumba ile kuna dada wa kazi anayetoka Kilifi, ndiye anayelisha samaki jioni, na alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia muda wote huo na karatasi zangu za hesabu. Akasema, "Kaka, nikwambie kitu, lakini mwenzio asije akaona nimemchongea."

Nikamwambia, "Sema dada, hapa hakuna wa kuchongewa, tunatafuta tu."

"Siku ile mlipoosha hilo sanduku la chini, kijiti chenu hicho kilibaki juu ya kabati. Kikakaa hapo, mimi sikukigusa naogopa kuvunja. Wiki iliyofuata akaja, akakiona, akakitia kwenye vikopo viwili, haraka haraka, hakikukaa hata dakika tano, akakirudisha."

Siku sita juu ya kabati, chini ya pumzi ya AC. Nikampigia mwenzangu hapo hapo na hakuficha chochote, akasema, "Kweli kaka, nilikikuta kavu, nikakisuuza nikakikalibreti, karatasi ya maelekezo inasema suuza, tumbukiza, bonyeza." Na ni kweli karatasi inasema hivyo. Ila hiyo karatasi inaamini probu imetoka kwenye kofia yake yenye maji.

Kioo kikikauka lile tabaka laini linapotea, na kile kitobo cha pembeni kinazibwa na chembechembe za chumvi. Ukikirudisha majini kinaanza kunywa upya, na kinaponywa milivolti zinatembea, saa la kwanza zinatembea haraka, baadaye polepole, inaweza kuchukua usiku mzima. Mwenzangu alibonyeza "7" wakati namba inatembea, dakika mbili baadaye akabonyeza "10" wakati namba imeshahama mahali pengine. Ule mwendo wa katikati ndio ukajiongeza kwenye mteremko na kuzaa 64. Kesho yake probu ikamaliza kunywa na kurudi kwenye tabia zake za kawaida, lakini kontrola ilikuwa imeshakariri tabia za probu iliyokauka.

Kinachoniuma mimi ni kwamba daftari lilikuwa limeandikwa "imekalibretiwa", na tarehe, na sahihi. Hilo neno likamfanya kila mtu aiamini ile namba kuliko kuamini macho yake. Kama probu ingekuwa haijakalibretiwa kabisa tungeishuku mapema.

Nilichofanya siku hiyo ni kidogo. Maji ya chokaa nikayafunga kabisa kwa siku mbili. Pampu na hita nikaziloweka kwenye siki nyeupe na maji, siki inakula chaki vizuri na povu unaliona, zikasuuzwa sana kabla ya kurudi. Probu nayo ilikuwa na utando mweupe kwenye kitufe, nikaiweka kwenye siki dakika kumi tu, nikasuuza, halafu nikaisimamisha kwenye kikombe cha potasiamu kloraidi ya mola 3, ile inayouzwa kama maji ya kuhifadhia probu, nikaiacha mpaka kesho yake. Kama huna hiyo, bafa ya 4 inafaa kwa muda. Maji safi yasiyo na madini hayafai kabisa kuhifadhia, yanavuta chumvi ya ndani ya probu kidogo kidogo na kuidhoofisha, na nimeona watu wengi wanaifanya hivyo wakidhani ndo usafi. Hayo maji ni ya kusuuzia tu.

Asubuhi ya pili nikakalibreti, na nitaeleza kwa utaratibu maana hapa ndo kazi yote ilipo. Vikombe vitatu vidogo vya plastiki, kila kimoja bafa yake, kiasi cha kufunika kitufe na kile kitobo. Viko mezani tangu jana yake kwa hiyo vina joto la chumba, nyuzi 24 na nusu. Nikasuuza probu, nikaigusisha tishu ili tone lidondoke, sikuifuta, ukisugua kioo unakipa umeme wa msuguano na namba inahangaika dakika nzima, na pia unakichubua. Nikaiweka kwenye 7.00, nikaizungusha taratibu mara tatu nne, nikaiacha. Milivolti zikaanza +3, zikashuka 0, -1, -2, zikasimama. Nikaangalia saa ya simu, nikangoja dakika nzima bila namba kusogea ndo nikabonyeza. Suuza, tishu, kwenye 10.01. Huku inachukua muda zaidi, karibu dakika tatu mpaka ikasimama -173. Nikabonyeza. Kontrola ikaandika mteremko 56.8, asilimia 96. Hiyo ni probu yenye afya nzuri tu, imetumika miezi saba.

Mnaona nimetumia 7 na 10, sikugusa 4. Maji ya bahari yako kati ya 7.8 na 8.4, kwa hiyo bafa zako mbili zinatakiwa ziyaweke katikati. Ukitumia 4 na 7 unaiomba mita ibashiri upande ambao hukuionyesha. Wale wa nyumbani mnaonunua zile kalamu za pH za bei nafuu, mara nyingi zinakuja na vipakiti vya unga vya 4.01, 6.86 na 9.18, kila kimoja cha kuyeyusha kwenye maji mililita 250. Tumieni 6.86 na 9.18, na muhakikishe mita yenyewe inajua ni 6.86 na siyo 7.00, maana mita iliyowekwa kwenye 7.00 na 10.01 ukiipa hivi vya unga itakupandishia pH kwa zaidi ya 0.5 na utajiona una tangi la ajabu. Maji ya kuyeyushia yawe ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine mpaka madini yakatoka, au yale safi ya dukani yasiyo na madini, na mkinunua kwenye duka la betri ulizeni vizuri, mengine yanayoitwa maji ya betri ni asidi.

Kile kikombe cha tatu kilikuwa na 9.18, niliyeyusha kimoja cha hivyo vya unga. Sikukalibreti nacho, ni shahidi wa pembeni. Bafa mbili zikiwa na kosa, mita itakubaliana nazo kwa furaha, ni lazima kuwe na wa tatu ambaye hajaulizwa. Ikasoma 9.17. Hapo moyo wangu ukatulia. Nikairudisha kwenye tangi, maji yakasoma 8.31.

Magnesiamu niliipandisha kwa siku sita mpaka 1300. Alkalini niliirudisha taratibu, sikuzidisha nusu dKH kwa siku, na siku ya tisa ikafika 8.6, maji ya chokaa yakarudi kwenye lita moja na nusu ile ile ya zamani. Tumbawe moja gumu lilipoteza ngozi upande mmoja, kama ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na pale pamebaki peupe. Mengine yalifunguka ndani ya wiki. Kangaja hakuonekana kujali, lakini samaki huwa wa mwisho kulalamika.

Sasa ile AC. Kipimo kilipoanza kusema kweli kikaonyesha kitu ambacho kweli kipo, kwamba usiku wa wageni, watu kumi na tano ishirini ndani ya majlisi iliyofungwa, pH inashuka mpaka 7.78 alfajiri, usiku mwingine inaishia 7.86. Hiyo ni hewa ukaa ya pumzi za watu, inaingia kwenye maji kupitia skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa kupuliza mapovu ya hewa kwenye maji. Nikafanya jaribio la glasi mbili, zote maji ya tangi ya jioni yanayosoma 7.92. Moja nikaipulizia hewa na pampu ndogo humo humo sebuleni saa nzima, ya pili nikaipulizia nje barazani kwenye kivuli, halafu nikairudisha ndani ipoe mpaka joto lilingane na ya kwanza kabla ya kupima. Ya ndani 7.93. Ya nje 8.14. Hakuna dawa iliyowekwa, ni hewa tu. Tukapitisha mpira wa hewa wa skima kwenye tundu la bomba la AC mpaka nje, na alfajiri ikapanda mpaka 8.0. Hii ndiyo pH ya chini ya kweli na tiba yake ilikuwa mpira wa mita tatu. Kama tungeijibu kwa chokaa tungerudi kule kule.

Mwenzangu na mimi tumebadilisha namna ya kuandika daftari. Neno "imekalibretiwa" halitoshi tena, tunaandika namba nne: probu ilisoma ngapi kwenye 7.00 kabla ya kuguswa, ilisoma ngapi kwenye 10.01, mteremko baada ya kumaliza, na shahidi wa 9.18 alisema ngapi. Kama kabla ya kuguswa kosa liko chini ya 0.05 hatukalibreti kabisa, tunaiacha, maana kila kalibresheni ni nafasi mpya ya kuingiza kosa. Na kofia ya probu yenye maji yake inakaa kwenye ndoano ndani ya kabati la tangi, usawa wa macho, siku ya kuosha sampu probu inavaa kofia kwanza ndo maji yanafunguliwa.

Tarehe 20 mwezi wa tisa nilipita kukagua. Kwenye 7.00 ilisoma 7.02, kwenye 10.01 ikasoma 9.98, shahidi akasema 9.16. Sikukalibreti. Nilipokuwa nafunga begi dada wa Kilifi akanionyesha ile kofia, ameijaza maji upya mwenyewe kutoka kwenye chupa ya kuhifadhia, akaniuliza, "Nimefikisha hapa, yanatosha?" Yalitosha, yalifunika mahali kitobo kinapofika.